Namna ya Kutengeneza Albamu ya Metali ya Gothiki Musoma Bila Kuagiza Theluji

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mara mwenye gitaa la umeme la kuazima, rafiki anayeweza kunguruma, na binamu anayeimba soprano kanisani. Anataka kutengeneza albamu ya metali ya gothiki, yenye sauti ya kiume na ya kike. Amekwisha kuambiwa kwamba amepotea njia, kwamba muziki huo ni wa Wazungu wenye baridi, na kwamba angeimba singeli angepata hela ya haraka. Asiwasikilize. Karibu kila kitu anachokihitaji kipo kati ya mwalo wa Mwigobero na stendi ya Bunda. Kinachokosekana ni pedali ya distosheni, na hiyo huletwa na basi.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, utajikuta umevaa koti jeusi juani huku huna wimbo.

Hatua ya kwanza: Jua unachokitengeneza

Mwaka 1991 bendi ya Paradise Lost, ya Halifax huko Uingereza, ilitoa albamu iitwayo Gothic. Katikati ya magitaa mazito na sauti ya kiume ya kunguruma, wakaingiza sauti ya mwanamke. Mwaka 1995 Theatre of Tragedy, bendi ya Stavanger nchini Norway, wakaigeuza mbinu hiyo kuwa mtindo kamili. Raymond Rohonyi ananguruma, Liv Kristine anajibu kwa sauti laini, na wimbo mzima unakuwa mazungumzo ya watu wawili wasioweza kupatana wala kuachana. Tristania, nao wa Stavanger, wakaongeza kwaya na fidla. Albamu yao ya Beyond the Veil ilitoka 1999. Kule Milan, Italia, Lacuna Coil waliwaweka Cristina Scabbia na Andrea Ferro bega kwa bega, na Comalies ya 2002 ikawafikisha mbali. Mwaka uliofuata Evanescence wa Marekani walitoa Fallen, na watu wengi wa huku ambao hawajawahi kusikia jina la mtindo huu wakaujua wimbo ule wa dada anayelia na kaka anayemwitikia.

Sasa itazame Stavanger. Kabla ya kupata mafuta ya petroli, mji ule wa bandari uliishi kwa kusindika samaki wadogo na kuwatia kwenye makopo. Maji, boti, makanisa, na harufu ya samaki wadogo. Kijana wa Musoma akisoma maelezo hayo atadhani anasimuliwa mtaa wake. Mtindo huu ulikomaa katika mji wa dagaa, kwa hiyo mji mwingine wa dagaa usiombe radhi kwa kuupenda.

Wala usikubali kuambiwa kwamba Afrika Mashariki haijui metali. Nairobi imewatoa Duma, yaani Martin Kanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akafuatisha albamu yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024. Uganda inao Vale of Amonition, wanaopiga metali ya mwendo wa taratibu na uzito mkubwa. Jirani zetu wa kaskazini na magharibi wamekwisha kulima. Shamba lililobaki ni la kwetu.

Hatua ya pili: Rudisha koti dukani

Vijana wengi huanza na mavazi. Wananunua koti refu la ngozi, buti za kamba na rangi nyeusi ya macho, kisha wanakwenda kupiga picha Mukendo saa saba mchana. Jua la Musoma halina huruma na msanii. Rangi ya macho itashuka mashavuni kabla mpiga picha hajarekebisha kamera, na abiria wa bodaboda watakupa pole ya msiba usiokuwa nao.

Nguo nyeusi si dhambi. Vaa fulana nyeusi ya pamba, au shuka jeusi, au kitenge cheusi ambacho mama mmoja wa Nyasho atakishona vizuri kuliko kiwanda chochote. Lakini theluji, ngome, kunguru juu ya mnara na mishumaa ya fedha waachie wenyewe. Wao waliandika mambo yaliyokuwa nje ya dirisha lao. Ukitaka kuwaiga kwa haki, tazama nje ya dirisha lako.

Na kama roho yako haitulii mpaka uone gofu, Mara inalo. Fort Ikoma, ngome waliyoijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, iko upande wa Serengeti. Nenda ukaitazame, ukumbuke ilijengwa ili kumtawala nani, kisha rudi nyumbani ukaandike wimbo wa hasira. Huo utakuwa wimbo wa gofu wenye sababu.

Hatua ya tatu: Mwombe binti kwa mwalimu wa kwaya

Sauti ya kike ndiyo nusu ya albamu, na Mara ina hazina yake. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934, na tangu hapo Wamenoni, Wakatoliki, Waanglikana na Wasabato wa mkoa huu wamefundisha vizazi kuimba sauti nne kwa solfa. Binti aliyelelewa na Nyimbo za Kristo au Tenzi za Rohoni anajua kushika sauti yake hata wenzake wakipotea. Watayarishaji wa Ulaya hutafuta sana uwezo huo. Kwako unakaa benchi la mbele kila wikiendi.

Usimwibe. Nenda kwa mwalimu wa kwaya mchana, ukiwa umenyoosha shati. Mazungumzo yataanza hivi:

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia mnataka kumpeleka binti yetu kwenye muziki wa kupiga kelele.”

“Hapana, mwalimu. Kelele tutapiga sisi. Yeye ataimba vilevile mlivyomfundisha. Na mazoezi hayatagusa siku ya kwaya.”

Hiyo ahadi ya mwisho itimize. Siku ukivunja ratiba ya kwaya, albamu imekufa, na mama mzazi atakuwa amejua.

Kazi yenu ya kwanza pamoja ni kuhamisha makao ya wimbo. Nyimbo nyingi za kwaya zinakaa kwenye “do”, ndiyo maana zinang'aa. Mwambie binti mtulie kwenye “la”. Nyimbo za “la” zinabeba majonzi zenyewe, bila kuongezewa kitu. Kisha mkataze kupamba. Asitetemeshe kila neno, asipande juu kwa kuonyesha uwezo. Liv Kristine aliwashika wasikilizaji kwa kuimba kama mtu anayesema jambo la siri. Sauti iliyotulia juu ya magitaa mazito ndiyo inayotisha na kupendeza kwa wakati mmoja.

Usimfanye pambo pia. Katika albamu dhaifu za mtindo huu mwanamke anaitwa kwenye kiitikio tu, anaimba mistari miwili, anarudishwa nyuma. Mpe hoja yake, beti zake, na haki ya kushinda mabishano. Watanzania walishalizoea jambo hili: miaka ya 1980 bendi ya Vijana Jazz ilikuwa na Hemedi Maneti na Kida Waziri jukwaani, na hakuna aliyemwona Kida Waziri kuwa pambo.

Hatua ya nne: Mfundishe kaka kunguruma bila kuharibu koo

Sauti ya kunguruma ina ufundi wake. Asiyejua hubana koo na kupiga ukelele, na baada ya nyimbo mbili anazungumza kwa ishara. Mfundishe hivi.

Avute pumzi mpaka tumbo lijae, mabega yakiwa yametulia. Aanze kwa kuguna kidogo, kama mtu anayesafisha koo kwa taratibu, mpaka asikie mtikisiko juu ya zile nyuzi za sauti anazozungumzia. Mtikisiko ule ndio sauti anayoitafuta. Nyuzi zenyewe ziachwe zipumzike. Nguvu itoke tumboni, ukubwa utoke kwenye maikrofoni. Anywe maji ya kawaida mara kwa mara. Akisikia maumivu aache siku hiyo, bila ubishi. Maumivu hayamjengi mwimbaji.

Mazoezi yafanyike wapi? Nyumba za kupanga za Nyasho na Bweri zimebanana, na mtu akinguruma saa mbili usiku, saa mbili na robo mama mwenye nyumba atakuwa mlangoni na mchungaji. Muwe waungwana: piteni kwa majirani kabla, muwaamkie, muwaeleze. Halafu nendeni kwenye majabali yale makubwa ya kando ya ziwa upande wa Makoko. Mawe hayaandiki barua kwa mtendaji, na mwangwi wake ni mzuri kuliko wa mashine nyingi.

Jambo moja zaidi kwa kaka. Kunguruma ni namna ya kutamka. Neno lisiposikika, umebaki na kelele. Kiswahili kinakusaidia, maana karibu kila silabi inaishia kwenye irabu na irabu ndizo zinazonguruma. Tamka “a” na “o” kwa mdomo mpana. Bibi yako akisikiliza kwa makini aweze kujua unasema nini, hata asipopenda unavyosema.

Hatua ya tano: Litungu kwanza, gitaa baadaye

Bendi za Ulaya huanza na kinanda au fidla. Wewe una litungu, na hapa ndipo utakapowaacha nyuma.

Lione kwa karibu. Sanduku la mti uliochongwa, limefunikwa ngozi iliyokauka ikakaza. Mikono miwili inapanda kutoka kwenye sanduku, na mti wa tatu umelala juu kuiunganisha. Nyuzi nane zinatoka upande wa chini wa sanduku mpaka kwenye mti ule, ambako mpigaji anaziviringisha na kuzikaza, huku akigusa moja moja na kuinamisha sikio. Siku hizi wengi hutumia nailoni, uzi uleule unaouzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi. Akipiga uzi mnene, ngozi inavuma, na mvumo ule unaingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Wajaluo wa Rorya wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugonga nayo ubao wa ala. Kinanda na ngoma kwa mtu mmoja aliyeketi.

Sasa kanuni ya kushika: mzee wa litungu hakazi nyuzi zake kwa kufuata piano. Anazikaza kwa kufuata koo lake. Usimlazimishe abadilike ili alingane na programu ya kompyuta. Legeza gitaa lako umfuate yeye. Gitaa la metali ya gothiki hulegezwa hata hivyo, kutoka E mpaka D au C, ili liwe zito; unachoongeza ni subira ya kusikiliza. Utapata mlio ambao hakuna bendi ya Stavanger wala Milan iliyowahi kuupata.

Mzee mpeleke studio kwa heshima. Mlipe kabla hajaondoka, andika jina lake kwenye albamu kama mtunzi wa sehemu yake, na umuulize kama tuni anayoipiga ni yake au ni ya ukoo. Kama ni ya ukoo, omba ruhusa ya ukoo. Kisha mweleze kwamba mwendo utakuwa wa polepole, mapigo 60 hadi 80 kwa dakika. Hatashangaa. Amepiga kwenye misiba mingi kuliko umri wako.

Gitaa lako sasa. Pale litungu linapozungumza, distosheni inyamaze au ishuke chini kabisa. Gitaa zito lina tabia ya kumeza kila kitu kilicho karibu. Vikisikika vyote kwa nguvu, msikilizaji atasikia gitaa peke yake na mzee wa watu atakuwa amepoteza siku yake.

Hatua ya sita: Kaandike mashairi Butiama

Theatre of Tragedy waliandika mashairi ya albamu zao za mwanzo kwa Kiingereza cha kale, cha enzi za Shakespeare. Wanorwei walikwenda kukopa kwa Shakespeare ili majonzi yao yapate heshima. Kijana wa Mara hahitaji kusafiri hivyo. Mtu wa Butiama alikwisha kumleta Shakespeare mpaka kwenye Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na nchi changa mikononi, alitafsiri Julius Caesar, kitabu kikachapishwa mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Baadaye, akiwa amestaafu, akaziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi. Vitabu hivyo vilitoka 1996.

Kwa hiyo panda gari, shuka Makutano, ingia Butiama, tembelea Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Nenda kama mwanafunzi. Kaburi la Mwalimu pale Mwitongo si seti ya video, na mtu yeyote atakayekwenda pale na mashine ya moshi na dada aliyelala juu ya jiwe anastahili fimbo za wazee wa Kizanaki. Kaa nje, chini ya mti, na fungua daftari.

Tumia bahari ya utenzi. Mistari minne, mizani nane kila mstari, vina vitatu vya kwanza vinafanana, na kina cha nne kinabaki kilekile kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Umbo hilo limebeba vita, vifo na mawaidha kwa karne kadhaa. Litabeba na magitaa yako. Linagawanyika vizuri pia kwa sauti mbili. Mfano ni huu, wa mama anayemsubiri mwanawe mvuvi, na ziwa linamjibu. Binti anaimba:

Ziwa limezima taa,
usiku umechakaa,
mama pwani kakataa
kurudi bure nyumbani.

Kaka ananguruma, yeye akiwa ziwa:

Mimi sikumwita mtu,
wala sikuiba kitu;
njaa isiyo na utu
ikamvuta majini.

Hesabu mizani kwa vidole kabla ya kuingia studio. Mizani ikipungua, mpiga drams ndiye wa kwanza kujua.

Hatua ya saba: Huzuni iwe na adabu

Huzuni ya kweli ipo tele, na ndiyo sababu huna ruhusa ya kuichezea.

Nenda mwaloni usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Hapo ndipo wavuvi wa dagaa hutoka, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa zao hazina kazi. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Kutoka ufukweni utaona mstari wa mianga juu ya maji meusi, mbali, ikipanda na kushuka. Alfajiri inazimika mmoja mmoja na mitumbwi inarudi. Wanawake wanasubiri na ndoo, wanahesabu mitumbwi kwa macho bila kusema. Wimbo wa kwanza wa albamu yako uko pale.

Wa pili uko Bunda, kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti. Tembo wanapoingia mashambani usiku, watu wanaamka na tochi na madebe, wanapiga madebe mpaka mnyama arudi au mpaka mahindi yaishe. Rekodi mapigo yale, umpe mpiga drams wako ayafanye msingi wa wimbo. Bati la debe katika giza lina hofu ambayo drams za dukani hazina.

Wa tatu ni mzito kuliko yote. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama meli ya MV Bukoba. Tarehe 20 Septemba 2018 ikazama MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa, kivuko kikiwa na jina la mtu wa Butiama. Ukitaka kuimba juu ya hayo, unaweza, na pengine unapaswa. Lakini weka masharti. Usitaje jina la marehemu bila ruhusa ya wafiwa. Usiweke vilio vya watu ndani ya wimbo. Usiuweke wimbo huo kwenye tangazo la bia. Kwanza mwimbie mtu aliyefiwa, uso kwa uso, bila distosheni. Akisema usiurekodi, usiurekodi.

Nimeiweka hatua hii kabla ya studio makusudi. Mtindo huu una jina baya kwa sababu wengi huvaa msiba kama fasheni. Sisi ni watu wa matanga. Tunajua kukaa na mfiwa, tunajua nani anapika na nani anaimba. Albamu isiyojua hayo haitapata msikilizaji Mara, na haistahili kumpata.

Hatua ya nane: Studio, umeme na prodyuza

Studio utakayoipata imezoea injili na Bongo Fleva. Ina chumba kimoja cha kuimbia, godoro ukutani na kompyuta moja. Inatosha. Zungumza na prodyuza mapema, umwambie mambo manne.

La kwanza, asisahihishe sauti ya binti kwa mashine. Sauti ikiteleza, mwacheni arudie. La pili, asimpandishe kaka juu ya binti. Anayenguruma huwa mkubwa masikioni hata akiwa chini. Anayeimba laini ndiye anayehitaji nafasi. La tatu, gitaa la ridhimu lipigwe mara mbili na kurekodiwa kila mara upya, moja liwekwe kushoto na jingine kulia. Kunakili lile la kwanza hakuleti upana. La nne, litungu lirekodiwe kwa maikrofoni iliyo karibu na ngozi, feni ikiwa imezimwa, madirisha yamefungwa, na simu zote zikiwa nje.

Umeme utakatika. Pangeni kazi mkijua hivyo. Hifadhini kazi kwenye kompyuta kila mnapomaliza sehemu, na wekeni nakala kwenye kifaa kingine kinachokwenda nyumbani na mtu mwingine. Umeme ukikatika mchana, rekodini litungu na sauti kwa kinasa cha betri; giza la studio litawasaidia. Msiwashe jenereta karibu na chumba cha kuimbia, labda kama mnataka jenereta iwe mwanachama wa bendi.

Nyimbo nane zinatosha. Usijaze albamu ili ionekane nene. Fungua kwa litungu na maji. Magitaa yaingie wimbo ukiwa umekwisha kumkalisha mtu. Katikati weka wimbo usio na gitaa zito wala kunguruma, kama walivyofanya Theatre of Tragedy mwaka 1995 walipomwachia Liv Kristine na piano wimbo mrefu peke yao. Pale msikilizaji anapumua, na pale ndipo mama wa binti atakapokubali kwamba mwanawe hajapotea. Wimbo wa mwisho waimbe wote wawili kwa pamoja, mistari ileile, kwa mara ya kwanza katika albamu nzima. Umewatenganisha muda wote ili kukutana kwao kuwe na thamani.

Hatua ya tisa: Vibali, kisha Bunda

Jisajilini Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Sajilini nyimbo COSOTA ili haki zenu zilindwe, na hapo mzee wa litungu awe ameandikwa. Andikeni mkataba wa kugawana mapato kabla hela haijaingia, hata kama mnadhani haitaingia. Bendi nyingi zimevunjwa na shilingi kidogo.

Onyesho la kwanza lifanyeni Bunda. Musoma kila mtu anawajua na watawahurumia. Bunda iko kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma, ina watu wa makabila mengi ya mkoa na wasafiri wasiowadai lolote, kwa hiyo hukumu yao itakuwa ya haki. Chukueni kibali kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kwa polisi. Anzeni saa kumi na mbili jioni, mmalize kabla ya saa nne usiku. Mpeni mzee wa litungu kiti kizuri na mwanzo wa onyesho, apige peke yake, bila kuharakishwa. Wazee wakimwona wamekaa. Wakikaa, vijana hawatathubutu kuzomea. Halafu binti aingie, halafu kaka, halafu magitaa.

Baadhi ya watu wataondoka kaka atakapoanza kunguruma. Waacheni waende kwa amani. Watakaobaki ndio wenu, na baada ya onyesho shukeni jukwaani mkawasalimie mmoja mmoja.

Neno la mwisho

Mtindo huu umejengwa juu ya jambo moja: sauti mbili tofauti kabisa zikikubali kubeba huzuni moja. Kwaya za Mara zimefundisha sauti hizo. Litungu limezisindikiza. Utenzi umezipa maneno, na ziwa limezipa sababu. Kilichobaki ni watu wanne au watano wenye nidhamu ya mazoezi.

Basi kijana, kesho usitafute tena picha za theluji. Mtafute mzee wa litungu kabla hajachoka kusubiri mtu wa kumfundisha. Mwamkie, kaa chini, na umwombe akaze nyuzi.